Nyama ya moshi nyumbani: Moto ukae nje, joto liingie ndani

Na Mwandishi Wetu, Rumonge

ILIKUWA yapata saa tisa alasiri, mwaka 2010, mzee jirani yetu aliposimama kwenye mpaka wa kiwanja akiwa amejiziba pua kwa leso. Nyuma yake alisimama mke wa mwanawe, amebeba kichanga cha wiki mbili. Upande wetu, mama yangu mzazi alikuwa akigeuza vipande vya nyama ya mbuzi juu ya pipa. Moshi ulikuwa umemfunika kiasi kwamba uliisikia sauti ya kikohozi chake kabla ya kumwona mwenyewe.

“Mwalimu,” mzee alisema kwa upole uliozidi ukali, “mlirudi, tukagawana shamba nusu kwa nusu. Sasa mnataka na hewa?”

Sikuwa na jibu. Kila mtu aliyerudi kutoka ukimbizini na kukuta mwenzake amejenga juu ya udongo wa wazazi wake anajua uzito wa maneno kama hayo. Ugomvi wa moshi hauishii kwenye moshi. Ukiuacha ukae, unakuwa ugomvi wa ardhi.

Ndugu msomaji, makala hii ni ya kukausha nyama kwa moshi nyuma ya nyumba, kazi ambayo kaya nyingi za waliorudi na wafanyabiashara wa mpakani wanaifanya, wengine kwa kula na wengine kwa kuuza. Nitaeleza tulivyokosea, tulivyosahihisha, na hesabu zake. Lakini siwezi kueleza tanuri letu bila kumweleza yule mzee, kwa sababu nusu ya maarifa yaliyolijenga ni yake.

Tulirudi na nini?

Wazazi wangu walikimbia mauaji ya mwaka 1972 wakavuka kuingia Tanzania. Mimi nilizaliwa katika makazi ya Katumba, Mpanda, nikasoma kwa mtaala wa Tanzania, nikafundishwa hesabu na jiografia kwa Kiswahili. Tulirejea Burundi mwaka 2008, wakati makazi yale ya zamani yalipoanza kupunguza watu: wengine wakachagua kurudi, wengine wakabaki na baadaye kupewa uraia wa Tanzania.

Shamba la babu hapa Rumonge lilikuwa na watu. Hawakulivamia usiku, walipewa na wenye mamlaka wa wakati ule, wakazaa na kuzika humo. Baada ya vikao vingi tukagawana. Yeye akabaki upande wa milimani, sisi tukachukua upande wa ziwani. Mpaka wetu ni mstari wa michikichi saba.

Mshahara wa mwalimu si siri kwa mtu yeyote. Mama akaamua kununua mbuzi mmoja kila wiki, kumchinjisha, kukausha nyama na kuiuza kwa akina mama wanaokwenda na kurudi Mugina, kwenye mpaka wa Manyovu. Mawazo yalikuwa mazuri. Ziwani samaki hupungua kwa misimu, na nyama mbichi bila jokofu haifiki asubuhi ya pili. Nyama iliyokaushwa vizuri hubebwa kwenye kapu, haihitaji barafu, na humfaa mtu anayelala njiani.

Tatizo lilikuwa pipa.

Makosa ya pipa

Pipa letu lilikuwa lile la lita 200, limekatwa juu na chini, limetobolewa ubavuni pa kuingizia kuni, na juu yake tumeweka wavu wa nondo. Kila anayepita barabara ya ziwani amewahi kuliona la namna hiyo. Lina sifa moja tu: ni rahisi.

Kwanza, moto uko chini ya nyama moja kwa moja. Mafuta yakidondoka kwenye makaa huwaka, na moto huo hupanda na kuipaka nyama masizi. Nje inakuwa nyeusi, watu wanadhani imeiva. Ndani bado ina damu. Pili, juu pako wazi, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto na moshi inakwenda bure. Mama alikuwa akiteketeza mizigo miwili ya kuni kwa mbuzi mmoja. Tatu, anayegeuza lazima ainamie moshi. Katika zahanati moja, muuguzi alimwambia mama kwamba dawa ya kikohozi chake haimo kwenye chupa, ipo kwenye namna anavyopika.

Hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kutokana na hewa chafu itokanayo na upishi majumbani. Kuni, mkaa na mafuta ya taa ndivyo vyanzo vikubwa, na wanaokaa karibu zaidi na moto ni akina mama na watoto wadogo.

Shauri letu likapelekwa kwa bashingantahe wa mlima wetu. Wazee walikaa chini ya mwembe, wakatusikiliza wote. Hukumu yao ilikuwa fupi: tuna haki ya kupika katika kiwanja chetu, na jirani ana haki ya kuvuta hewa katika chake, kwa hiyo moto uzimwe mpaka moshi utakapotafutiwa njia nyingine. Mama alilia siku ile. Alisema ametolewa nchini mara moja, sasa anatolewa jikoni.

Somo la bani

Wakati wa kulala ndipo nilipokumbuka bani la baba.

Waliokulia Katumba, Mishamo au Ulyankulu wanajua tumbaku ya mvuke. Majani hayakaushwi kwa moshi. Hutundikwa ndani ya bani, chumba kirefu cha matofali, na moto huwashwa mdomoni mwa tanuri kwa nje. Joto hupita katika mabomba yaliyolala sakafuni, moshi wenyewe hutokea nje kwa dohani. Kipimajoto huning'inia ndani. Siku za mwanzo joto huwa la chini, kama nyuzi 35 hivi, halafu hupandishwa kidogo kidogo mpaka kufikia kama nyuzi 70 wakati wa kukausha vikonyo. Kazi nzima huchukua karibu wiki moja, na mtu lazima alale na moto.

Nikiwa na miaka 12 nilikuwa nikipewa zamu ya usiku. Baba alikuwa na msemo wake: moto ukae nje, joto liingie ndani. Aliyesinzia na kuupa moto kuni nyingi aliikuta tumbaku imebabuka, na hapo familia ilikuwa imepoteza ada za shule za mwaka mzima.

Nikajiuliza, kwa nini nyama isitengewe moto wake hivyo hivyo? Tofauti ni moja tu: kwa tumbaku ya mvuke moshi unatupwa nje, kwa nyama tunautaka kidogo, ila uwe umepoa na kuacha masizi yake njiani.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba wenzetu wa Afrika Magharibi walikuwa wameshapita njia hiyo. Katika kitongoji cha wavuvi cha Chorkor, jijini Accra, Ghana, lilitengenezwa tanuri la udongo lenye chanja zinazopangwa moja juu ya nyingine, ambalo lilikuja kusambaa nchi nyingi za Afrika. Nchini Senegal, chuo cha wataalamu wa uvuvi kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, wakaliongezea sinia la kukinga mafuta yasidondokee motoni, na chombo cha kuzalisha moshi pembeni. Tanuri hilo linaitwa FTT-Thiaroye.

Upepo wa mzee

Nilichimba peke yangu siku mbili. Siku ya tatu mzee alisimama tena kwenye michikichi. Akauliza ninajenga nini. Nikamweleza. Akatazama shimo, akatazama ziwa, akatikisa kichwa.

“Unajenga vizuri mahali pabaya, mwanangu. Nimekaa hapa zaidi ya miaka thelathini. Mchana upepo unatoka ziwani kupanda mlimani. Usiku unageuka, unatoka mlimani kushuka ziwani. Wewe unapika mchana, na mimi nipo juu yako.”

Hapo nilijisikia aibu ya mwalimu. Jambo lile nimelifundisha darasani mara nyingi: mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya baridi kutoka ziwani huja kujaza nafasi, usiku nchi kavu hupoa upesi na upepo hugeuka. Nilikuwa na upepo wa kitabuni. Yeye alikuwa na upepo wa uwanjani kwake.

Tukahamisha tanuri kwenda chini kabisa ya kiwanja, upande wa ziwa, nyumba zote mbili zikawa nyuma yake. Tukakubaliana moto uwashwe baada ya saa mbili usiku, upepo ukishageuka, na uzimwe kabla jua halijakolea. Mzee akanionyesha kichuguu chenye udongo usiopasuka kwa moto. Sikumwomba. Alikuja na jembe lake.

Jinsi ya kujenga

Vipimo vyetu ni hivi, na mtu anaweza kupunguza kulingana na mfuko wake. Chimba shimo la moto lenye upana na kina cha nusu mita, mahali pa chini penye mteremko. Kutoka shimoni chimba mfereji unaopanda mpaka kwenye sanduku la nyama. Ufunike kwa mawe bapa au mabati ya zamani, kisha udongo.

Hapa tulikosea mara ya kwanza. Mfereji wetu ulikuwa wa mita tatu, tukidhani moshi ukisafiri mbali ndiyo vizuri. Joto lote likapotelea ardhini. Asubuhi nyama ilinukia moshi, rangi nzuri ya kahawia, lakini ndani ilikuwa mbichi na imeanza kuchacha. Mbuzi mzima tukamfukia. Tangu hapo mfereji wetu ni wa mita moja tu.

Sanduku ni la matofali, mita moja kwa mita moja, na kimo cha mita moja na nusu. Ndani weka chanja tatu za nondo zinazotoka. Chini ya chanja, juu ya tundu la moshi, weka sinia la bati lililoinamia upande mmoja, mafuta yatiririkie kopo la nje. Juu funika kwa bati lenye dohani. Mdomo wa shimo uwe na kibati cha kuupunguzia moto hewa. Kibati hicho ndicho usukani wa kazi nzima: kikiwa wazi moto hupamba na joto hupanda, kikifungwa moto hutulia na moshi huongezeka.

Usitumie bati jipya ndani kwenye joto kali, maana rangi yake nyeupe ni zinki, na zinki haitakiwi karibu na moto wala chakula. Pipa lililobeba dawa za mashambani au kemikali lisiguse chakula hata likioshwa mara mia.

Kuni na chumvi

Kuni bora ni zilizokauka za miti ya matunda: mwembe, mpera, mchungwa, mparachichi. Msonobari na misindano hutoa utomvu unaoacha uchungu na masizi. Mkaratusi huipa nyama harufu ya dawa ya kifua. Hapa Rumonge tuna kishawishi cha makapi ya mawese, kwa kuwa ni ya bure na yanawaka kama petroli. Yana mafuta, moshi wake ni mweusi. Yafaa kuwashia moto, si kukaushia. Mbao zilizopakwa rangi, matairi na nailoni ni sumu.

Chumvi yetu ni ya Uvinza, ile ile iliyokuwa ikichemshwa na kuuzwa huku na huko zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mpaka huu kuchorwa. Kata nyama isiyo na mafuta kwa kufuata nyuzi zake, mikanda ya unene wa sentimeta mbili, isizidi. Mafuta yaondoe, kwa sababu huchacha hata kama nyama imekauka. Kila kilo moja ipake gramu 30 za chumvi, iache kivulini kwenye chombo kilichofunikwa kwa saa mbili au tatu, halafu itundike mpaka uso wake ukauke. Nyama yenye maji juu hunasa masizi badala ya moshi.

Kisha tunaipitisha hatua mbili. Ya kwanza ni kuivisha: kibati wazi, joto la sanduku lifike nyuzi 90 au 100, mpaka ndani ya kipande kinene pafike nyuzi 70. WHO inataja nyuzi hizo 70 kuwa kipimo cha nyama iliyoiva salama. Asiye na kipimajoto akate kipande kinene kuliko vyote. Kikitoa maji mekundu, bado. Wapo wanaochemsha nyama kwanza kisha kuipeleka kwenye moshi. Hawana kosa.

Hatua ya pili ni kukausha. Funga kibati kwa sehemu kubwa, weka kuni chache, moshi uwe mwembamba wa rangi ya samawati. Moshi mzito mweupe au mweusi ni dalili kuwa moto haupati hewa au kuni ni mbichi. Badilisha chanja, ya chini iende juu. Kwetu kazi hii huanza saa mbili usiku na kumalizika alfajiri, na nyama nene hurudishwa usiku wa pili.

Ndugu msomaji, elewa kwamba moshi peke yake hauhifadhi nyama. Kazi kubwa inafanywa na chumvi na ukavu. Moshi husaidia kuzuia vijidudu juu ya nyama, na kuipa ladha. Nyama iliyopata rangi bila kukauka ni mbichi iliyovaa nguo.

Hesabu za wauzaji

Hapa wengi tunaanguka. Nyama mbichi isiyo na mafuta ina maji karibu robo tatu ya uzito wake. Kwa tanuri letu, kilo 10 za mikanda hutoka kilo 4 ikiwa imekauka vizuri. Maana yake, kilo moja ya nyama kavu imekula kilo mbili na nusu za nyama mbichi, kabla hujahesabu chumvi, kuni, usingizi na nauli.

Miezi minne ya mwanzo mke wangu aliuza kwa bei mara mbili ya nyama mbichi. Tulikuwa tunashika fedha kila Jumamosi, tukacheka, tukadhani tunapata faida. Kumbe kila kilo tuliyouza tulikuwa tunampa mnunuzi nusu kilo ya bure. Mwalimu wa hesabu! Sasa bei yetu haishuki chini ya mara tatu, na anayeiona kubwa namwekea kipande mkononi apime wepesi wake.

Usifungashe nyama ikiwa ya moto. Mvuke wake hugeuka maji, na ndani ya siku mbili ukungu unaota. Iache ipoe kabisa, ifunge kwa karatasi safi na kuiweka katika kapu linalopitisha hewa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo mwenye mfuko huo anatafuta matatizo mawili kwa mkupuo. Kila baada ya siku tatu kagua. Ikilegea, irudishe kwenye moshi. Ikinuka uchachu au ikiteleza, itupe. Wadudu wakiingia, usithubutu kupuliza dawa ya mbu. Wapo wanaofanya hivyo, na wanaowalisha ni watoto wa watu.

Jambo jingine la hapa kwetu: Rumonge ina Waislamu wengi, na wanunuzi wengi wa Kigoma ni Waislamu. Mbuzi wetu huchinjwa na anayekubalika. Anayekausha nguruwe na awe na tanuri lake na chanja zake, na awaambie wateja ukweli.

Mpakani

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 wana cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa hapo hapo mpakani. Wengi wanakijua. Wanachosahau ni kwamba cheti hicho ni cha ushuru, si cha afya. Nyama na samaki vinahitaji pia karatasi ya daktari wa mifugo au ofisa anayehusika.

Tulijifunza kwa hasara. Kwenye kituo kimoja mzigo wa mke wangu wa kilo 12 ulizuiliwa kwa kukosa karatasi hiyo, ukafukiwa mbele yake. Alirudi na kapu tupu. Alisema kilichomuuma si nyama, ni kuona hata yule mchimbaji wa shimo akiisikitikia harufu yake. Uliza kwanza, lipia karatasi, ndipo ununue mbuzi.

Fursa ipo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Katika miezi kama hiyo, yule samaki tuliyemwita mgebuka tukiwa Tanzania na hapa tunamwita mukeke huwa anatafutwa kwa tochi. Mwenye tanuri aliyekausha mapema, na mwenye nyama kavu, ndiye anayekumbukwa na wateja.

Kula kwa kiasi

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwenye faida. Moshi wa kuni una kemikali zinazoweza kuleta saratani. Mojawapo inaitwa benzopirini, na huongezeka mafuta yanapodondokea motoni. Tangu mwaka 2014 nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo ya nyama au samaki wa moshi. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO iliweka nyama zilizosindikwa, zikiwamo za chumvi na za moshi, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ilieleza kuwa anayekula gramu 50 kila siku anaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Hiyo haina maana ya kuvunja matanuri. Ina maana ya kuweka sinia la mafuta, kutenga moto na nyama, kukwangua masizi, na kufanya nyama ya moshi kuwa kiungo cha maharage na mboga, si chakula cha kila siku. Hivyo ndivyo wazee walivyoila: kipande kimoja, sufuria nzima inanukia.

Usiku wa tanuri

Mama yangu hainamii tena pipa. Kikohozi hakikuisha chote, kwa kuwa miaka ya moshi haifutiki, lakini analala usiku. Kuni zimepungua kutoka mizigo miwili hadi mmoja kwa mbuzi. Kile kichanga kilichobebwa mpakani siku ile sasa ni kijana wa sekondari, na ndiye anayekuja kunisaidia kubadilisha chanja wakati wa likizo.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba tanuri limemaliza habari ya ardhi. Michikichi saba bado imesimama. Mzee bado anasema “shamba langu” anapoonyesha upande wetu kwa bahati mbaya, na mama yangu bado hunyamaza kidogo anaposikia. Hayo ni mambo ambayo pengine wajukuu ndio watakaoyamaliza.

Lakini usiku wa kukausha, upepo ukishageuka, mzee hushuka na kigoda chake. Hukaa karibu na kibati, mahali baba yangu alipozoea kukaa kwenye bani. Siku moja nilimwambia habari za baba: jinsi alivyolinda moto wa tumbaku miaka ishirini akisema atarudi Rumonge, na jinsi alivyofia Katumba. Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza baba alikuwa akisemaje kuhusu moto.

Nikamwambia: moto ukae nje, joto liingie ndani.

Akasukuma kibati kwa fimbo, nusu tu, na moshi ukatulia kuelekea ziwani.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu, mkazi wa Rumonge. Alisoma katika makazi ya Katumba, Tanzania, na alirejea nchini mwaka 2008.